Mvunja mawe wa Kabale anayefuma masweta ya vichanga

Saa tatu asubuhi, ukungu ungali umekalia matuta ya viazi ya Nyakasharara, nje kidogo ya mji wa Kabale. Eriya Bangirana ameketi kwenye kiti cha mbao kilichowekewa mto, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya kigoda, blanketi magotini. Mkononi ameshika sindano ya kroshia ya mti, nene kama kidole gumba chake. Anaichomeka tunduni, anazungusha uzi, anavuta. Anachomeka, anazungusha, anavuta. Midomo inacheza taratibu.

"Ishirini na mbili, ishirini na tatu… Ngoja kwanza, ssebo, usinisemeshe," ananiambia bila kuinua macho; ssebo ni 'bwana' kwa lugha ya huku. "Ukinikatiza hapa katikati nitapoteza hesabu, na skafu itaota kitambi."

Mkewe, Jovanis Kyarisiima, yuko mlangoni anamenya viazi. Kisu kinasimama. "Msikilize huyu! Eti kitambi. Ile ya kwanza haikuota kitambi, ilibeba mimba ya mapacha."

Bangirana anatabasamu, lakini midomo haiachi kuhesabu.

Ana umri wa miaka hamsini na sita. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa mvunja mawe, na mikono yake bado ni ya kazi hiyo: viganja vipana, kucha mbili za mkono wa kushoto hazikuota tena, ngozi ngumu kama soli. Ukimwona amekaa na ule uzi wa rangi ya maziwa, unaweza kudhani ameshikishwa tu kwa dakika moja ili mwenye kazi yake akachote maji.

Mwenye kazi ni yeye. Skafu tatu zilizokunjwa juu ya meza ni zake. Kadigani ya kijani inayoning'inia msumarini, bado haina vifungo, ni yake. Na vile visweta vinne vidogo vilivyopangwa kwenye ungo, kila kimoja kinaweza kuenea katika kiganja chake na nafasi ikabaki, navyo ni vyake.

"Mimi sijui maua," anasema baada ya kumaliza mstari. "Akina mama wana madoido yao, majani, vipepeo, sijui nini. Mimi najua kwenda na kurudi. Ukijua kwenda na kurudi, skafu umemaliza. Kadigani ni hivyo hivyo: mgongo mmoja, vifua viwili, mikono miwili. Vipande vitano vya mraba. Unaviunga, unaacha mlango wazi mbele, unatia vifungo. Basi. Kama huwezi hiyo, basi hata kujenga choo huwezi."

Asubuhi ya ajali, mwaka 2017, alikuwa ameinama kuchimbua chini ya mwamba, kazi aliyoifanya mara elfu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Udongo uliachia. Jiwe halikuanguka, anasema, lilijiviringisha polepole kama ng'ombe anayelala, na nyonga yake ilikuwa mahali lilipotaka kulala.

Aliyemvuta kutoka chini ya jiwe hilo ni rafiki yake, Zakayo Kamugasha. Walianza kazi mwezi mmoja, wakagawana mtarimbo, chumvi na matusi ya kila siku. Kamugasha alimbeba mgongoni hadi barabarani.

Bangirana alilazwa wiki kumi na moja. Aliporudi nyumbani, aliambiwa asibebe kitu kizito, asipande kilima, asisimame muda mrefu. "Nikamuuliza daktari, sasa hapa Kabale hayo yote nikiyaacha nitabaki na nini? Maana huku hata kwenda kuomba chumvi kwa jirani unapanda kilima."

Alibaki na kitanda. Aligeukia ukuta, na kwa miezi minne, mkewe anasema, alikuwa akiujua mgongo wake tu.

"Ukimpelekea uji wa mtama anasema weka hapo. Ukirudi uko pale pale, umeganda," Jovanis anasimulia. "Mimi nikachukua jembe. Shamba lilikuwa lake, sasa likawa langu. Natoka asubuhi, narudi jioni miguu imejaa tope. Na nilikuwa na kazi ya watu ndani ya nyumba: skafu kumi na mbili za kwaya. Nimefuma nne, nane zimekaa kwenye kikapu zinanitazama."

Jovanis alifundishwa kroshia na shangazi yake akiwa na miaka tisa. Amefuma vitambaa vya viti, shuka za vitanda vya maharusi, masweta ya shule. Kikapu chake cha nyuzi kilikuwa kimewekwa chini ya kitanda, upande wa ukuta.

Hapo ndipo macho ya Bangirana yalipokuwa.

"Siku moja mkono ulining'inia, ukagusa uzi," anasema. "Nikauvuta tu. Sikuwa na nia. Nilikuwa nimemwona huyu mama akifuma miaka kumi na minane, sikuwahi kutazama. Nikachukua na sindano, nikasema, hebu. Nikavuta mpaka mchana ukaisha. Ilikuwa siku ya kwanza tangu niumie ambayo sikusikia jua likitembea."

Alifuma kwa siri siku sita. Hakujua kwamba kila mstari unapaswa kuwa na matundu yaleyale kwa idadi. Kila alipofika ukingoni aliongeza moja, kwa wema. Jovanis aliporudi mapema siku ya saba kwa sababu ya mvua, alimkuta ameketi, jambo ambalo hakuwa ameliona tangu hospitali, na mapajani mwake kulikuwa na kitu cha kijivu kilichoanza na upana wa vidole vinne na kuishia na upana wa mkeka.

"Nilicheka," Jovanis anasema, na sauti yake inashuka. "Nilicheka mpaka nikakaa chini pale, na jembe begani. Naye akaanza kucheka. Halafu nikaona analia. Na mimi nikalia. Tukakaa hapo wote wawili, wajinga."

Jumapili iliyofuata Jovanis aliivaa skafu hiyo kanisani. Aliikunja mara tatu ule upande mpana, akabana kwa pini. Walipomuuliza ni mtindo gani, alijibu kwamba umetoka Kampala.

Kuanzia hapo akamfundisha. Alimpa hesabu ya ishirini na nne, akamwambia asiongeze wema. Bangirana anasema ilimwingia kwa sababu mawe nayo yana hesabu: mapigo mangapi kabla ya kugeuza patasi. Kupima alipima kwa shubiri, kama alivyozoea. Nyuzi walizipata kwa kununua masweta ya mitumba yaliyotoboka, wakayafumua, wakaosha, wakazungusha uzi kwenye magoti yake yeye, maana hayakuwa na kazi nyingine.

Skafu nane za kwaya alizimaliza yeye. Hakuna aliyejua.

Na hakutaka ajulikane. Kwa miaka miwili, mlango wa nyumba hiyo ulifungwa kwa komeo mchana kutwa. Mgeni akibisha, uzi ulipotea chini ya blanketi. Siku ya soko, Jovanis alipakia masweta kwenye gunia, akashuka nayo mjini. Wateja walimsifu kwa mkono wake usiochoka, na yeye aliitikia "asante" huku akitazama pembeni.

"Alinifanya mwongo, na mimi ni mtu wa kanisa," anasema.

"Nilikuwa mwanaume," Bangirana anajibu kutoka kitini.

"Sasa hivi umekuwa nini?"

"Sasa hivi nimekuwa fundi. Endelea kusimulia, mama."

Mambo yalifumuka siku ya ibada ya shukrani ya mavuno. Akina mama wa kanisa walikuwa wamepanga mezani kazi za mikono, na kadigani moja ya rangi ya udongo, kola imara, mishono sawasawa kama meno ya mtoto, ilichaguliwa kuwa bora kupita zote. Jovanis akaitwa mbele. Mchungaji akamshika mkono. Watu wakapiga makofi.

Alisimama pale, anasema, na ulimi ukakataa 'asante' ya uongo.

"Nikawaambia, hii si yangu. Hii ameifuma Baba Ninsiima, mume wangu."

Kisha kutoka viti vya nyuma, wanakokaa wanaume, kicheko kikapasuka. Mtu akauliza kwa sauti kama Bangirana ameshaanza pia kusuka nywele. Mwingine akasema basi ale mahari yake mwenyewe, maana ameolewa. Aliyecheka kuliko wote, akijipiga paja, ni Zakayo Kamugasha.

Habari ilifika nyumbani kabla ya Jovanis. Alimkuta mumewe amerudi kitandani.

"Nilimwambia, umenivua nguo mbele ya watu," Bangirana anasema. "Akaniambia, 'Sijakuvua. Mimi ndiye nilikuwa nimevaa nguo yako, nikakurudishia.' Nilikasirika. Siku tatu sikumsemesha. Anaweka chakula, nakula, lakini sisemi asante."

"Na siku hizo tatu hukufuma," Jovanis anakumbusha.

"Hata tundu moja."

Binti yao wa pekee, Ninsiima, ambaye ni fundi cherehani Mbarara, alipiga simu siku ya pili. Baba yake hakutaka kuipokea, kwa hiyo Jovanis akaiweka simu juu ya mto wa kitanda, kando ya sikio lake, na kuondoka. Ninsiima anakumbuka alichomwambia. "Nilisema, Taata, mimi ninashona suruali za wanaume kutwa nzima na hakuna aliyeniambia nimeoa. Nilimsikia anapumua, sikukata."

Siku ya nne, mtu alibisha hodi. Jovanis alipofungua, alikuwa Kamugasha.

Hakuwa amekanyaga nyumba hiyo tangu miezi ya kwanza ya ajali. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Bangirana, akiwa kitandani, alimwambia kama amekuja kumalizia kicheko chake kilichobaki, achekee huko huko nje, ndani kuna mgonjwa.

Kamugasha hakucheka. Alitia mkono mfukoni, akatoa kipande cha kamba ya mgomba chenye mafundo matatu.

Binti yake, Provia, alikuwa amejifungua kabla ya wakati, mimba ya miezi saba. Mtoto wa kike, kilo moja na nusu. Hospitali walimtunza majuma kadhaa, sasa walikuwa wanamruhusu kwenda nyumbani, na muuguzi alikuwa amesisitiza jambo moja: asipate baridi. Ilikuwa Julai. Kila anayeishi Kabale anajua Julai.

Kamugasha mwenyewe anasimulia yaliyofuata. Siku hizi hakosi kupita hapa asubuhi, na leo amefika akiwa na viazi vitamu kwenye mfuko.

"Nilizunguka soko lote. Nguo ya mtoto iliyo ndogo kuliko zote, ukimvisha yule wetu anazama, unabaki unamtafuta. Nikarudi hospitali, nikampima kwa kamba. Fundo la kwanza bega, la pili kiuno, la tatu mkono. Nikasema, kuna mtu mmoja tu. Na huyo mtu nimemcheka mbele ya Mungu."

Kwa nini alicheka?

Kamugasha anazungusha kofia. "Nilimtoa chini ya lile jiwe. Nilidhani amekufa. Baada ya pale kila nikimtazama nasikia ule mfupa wa nyonga ukisagika. Ndiyo maana niliacha kuja. Siku ile kanisani niliposikia anafuma masweta, sikujua nifanye nini na uso wangu. Nikacheka."

Bangirana aliipokea kamba. Aliinyoosha kwenye kiganja chake. Kutoka bega hadi kiuno, mtoto yule hakufikia urefu wa kidole chake cha kati mara mbili.

Alimwambia Jovanis alete ule uzi mweupe, laini, wa shali ya mitumba waliyoifumua Pasaka, ambao alikuwa akiuhifadhi bila kujua wa nini.

Ilimchukua siku nzima. Sindano ilikuwa nyembamba, ya chuma, na vidole vilikuwa vinene. Kila kifundo kilikazana mno au kililegea. Alifumua mara nne. Kamugasha alikaa kwenye kigoda, hakuondoka. Ilipofika alasiri Jovanis alishindwa kuvumilia.

"Nikamwambia, lete nimalizie, mtoto anasubiri. Akanitazama. Akasema, 'Kamugasha hakuja kwako.'"

Jua lilipokuwa linagusa kilima, vipande vitano vilikuwa vimeungwa. Vifungo vingekuwa vikubwa mno, kwa hiyo aliweka nyuzi za kufungia. Kamugasha alikichukua kile kisweta kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa yai, akateremka nacho hadi mjini bila kukiweka mfukoni.

Mtoto aliitwa Akampurira. Kilimkaa. Alivaa kisweta hicho majuma sita, usiku na mchana, kikifuliwa na kukaushwa juu ya jiko, na Provia anasema kilimfuata mtoto kukua mpaka nyuzi za kufungia hazikufikiana tena. Akampurira sasa ana miaka minne, na jina alilompa Bangirana ni "babu wa sufu."

Kamugasha alirudi wiki moja baadaye. Alikuwa ameuhifadhi mpini wa nyundo ya rafiki yake tangu siku ile ya machimbo. Alikuwa ameuchonga, akaupiga msasa, akautia mafuta, na ncha yake akaitengeneza kulabu. Ndiyo ile sindano ya mti anayofumia skafu nzito. "Ile ya chuma ilikuwa inapotea mkononi mwake," Kamugasha anasema. "Ilikuwa kama kumpa fahali kijiko."

Wauguzi waliomwona mtoto waliuliza kisweta kimetoka wapi. Mmoja aliagiza viwili. Kisha mama mmoja kutoka upande wa ziwa lililo karibu na mji, kisha mwingine. Siku hizi komeo halifungwi, na kibao kidogo kimepigiliwa kwenye mti wa uzio: MASWETA, SKAFU. Hakikuandikwa jina. Bangirana anasema kila mtu anajua.

Kisweta cha kichanga anauza shilingi elfu kumi na mbili za Uganda, skafu elfu kumi, kadigani ya mtu mzima elfu thelathini na tano. Mwezi mzuri, wakiondoa gharama za nyuzi, wanabakiwa na kama laki mbili na nusu. Mwezi wa jua kali hawafikii laki moja. Bangirana hawezi kukaa zaidi ya saa mbili bila kulala chali, na dawa za maumivu hula sehemu ya fedha hizo. Jovanis bado ndiye mwenye jembe.

"Machimboni nilipata zaidi," Bangirana anakiri. "Sitakudanganya. Lakini jiwe ukishalivunja, linakwenda kwenye msingi wa nyumba ya mtu, hulioni tena. Hizi naziona. Nikipelekwa kanisani nahesabu: ile yangu, ile yangu, ile yangu. Mahubiri hayanifikii."

Visweta vya watoto waliozaliwa kabla ya siku havina bei kwa wasionacho. Jovanis anasema hilo halikujadiliwa nyumbani. Lilianza tu, na hakuna aliyelizuia. Mwaka jana walitoa kumi na saba. Wawili kati ya watoto hao hawakuishi. Mama wa mmoja wao alikuja kurudisha kisweta, kimefuliwa na kukunjwa. Bangirana alimwambia akae nacho. Alipoondoka, Bangirana hakufuma mpaka kesho yake.

Wanaume wa viti vya nyuma bado wana utani wao. Wiki iliyopita mmoja alipita uwanjani akapaza sauti, "Mama Ninsiima, mumeo hajambo? Nawe mama wa pili, hujambo?"

"Sijambo, mkwe!" Bangirana alimjibu kupitia dirishani. "Shingo yako hiyo ninaiona ina baridi. Umeleta elfu kumi au umeleta mdomo?"

Alileta elfu kumi. Skafu ya bluu.

Nyuma ya nyumba, Kamugasha na vijana wawili wa ukoo wameanza kusimamisha banda la miti na mabati, ukuta wa mashariki umeachwa wazi ili jua la asubuhi liingie. Limebakiza mabati manane. Bangirana anataka limalizike kabla ya mvua za Septemba, kwa sababu kuna watu anaotaka kuwaweka ndani.

Wa kwanza ni Turyasingura, mwenye miaka thelathini na mmoja, aliyevunjika mguu machimboni mwezi Mei. Mkewe alikuja hapa mwezi uliopita, akakaa mlangoni muda mrefu, kisha akaeleza kwamba mumewe hali, hasemi, hataki watoto wamkaribie. Wa pili aliangukiwa na mti. Wa tatu ni dereva wa pikipiki ambaye hajakubali bado. Ametuma salamu kwamba afadhali afe.

"Atakuja," Bangirana anasema. "Nimemtumia skafu. Nimemwambia aifumue aone imetengenezwaje. Mtu akianza kufumua, mkono unataka kujua."

Watakutana kila Jumamosi. Nyuzi zitatoka kwenye masweta ya mitumba, sindano Kamugasha atazichonga, uji ataupika Jovanis. Hakuna ada.

Nilipomuuliza atawafundisha nini kwanza, skafu au kadigani, aliweka kazi yake mapajani na kufikiri. Nje, ukungu ulikuwa umeinuka, na nyundo zilianza kusikika kutoka machimbo ya ng'ambo.

"Kukaa," alisema. "Mwanaume aliyezoea kusimama, ukimkalisha anadhani amekwisha. Nitawafundisha kukaa. Hata kama ni wiki tatu, tutakaa tu, tunywe uji, tutukanane kidogo. Uzi hauna haraka."